Nyumba ya Shamba na Mlango wa Mwenyeji





Mavuno yakishaingia ghalani, katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang huanza msimu mwingine, nao ni msimu wa kadi. Kuna kadi za harusi, za kuaga binti, za jubilei, za mahafali na za kipaimara. Na pamoja nazo huja barua za mialiko ya semina, warsha na mikutano ya wadau. Zamani kadi na barua hizo zilitaja mahali tunapopajua sote: ukumbi wa parokia, uwanja wa shule, au nyumbani kwa baba yake bwana harusi. Siku hizi nyingi zinataja hoteli. Wala si hoteli za mjini peke yake. Wako wanaotamani, na wachache wenye uwezo wanaofaulu, kufanyia shughuli zao katika zile nyumba za kale za mashambani zenye bustani kubwa, veranda pana na moto wa kuni sebuleni, ambazo zamani zilikuwa makazi ya walowezi.

Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo hilo. Tumeulizwa mara nyingi na waamini wetu: je, ni vema au si vema? Swali ni fupi, lakini jibu lake linagusa mambo mengi: mkutano ni nini, sherehe ni nini, na mwenyeji ni nani.

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Juu ya mji wa Karatu, pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, iko nyumba iitwayo Gibb's Farm. Kiutawala Karatu leo ni wilaya ya Mkoa wa Arusha, lakini wazee wetu wanakumbuka kwamba hadi miaka ya 1990 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, sisi wa Mbulu, Hanang na Babati tuliingia Manyara, na Karatu ikabaki Arusha. Kikanisa hatukutengana. Jimbo la Mbulu, lililopewa hadhi ya jimbo mwaka 1953, linazo parokia zake Karatu kama linavyozo Mbulu na Katesh. Kwa hiyo tunapoitaja nyumba hiyo hatuzungumzii habari za ugenini. Tunazungumzia habari za nyumbani.

Historia yake ni historia ya nchi hii kwa ufupi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliondolewa Tanganyika. Kuanzia mwaka 1925 waliruhusiwa kurudi, na wengi wao wakaja kulima kahawa katika miteremko ya Oldeani na Karatu. Nyumba kuu ya shamba hilo ilijengwa mwaka 1929. Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939, serikali ya Waingereza ilizishika mali za Wajerumani kuwa mali za adui. Mwaka 1948 shamba likaingia mikononi mwa James Gibb, Mwingereza aliyekuwa askari katika vita hiyo, ambaye baadaye alilitunza pamoja na mkewe Margaret. Mwaka 1972 wakaanza kupokea wageni wa kulala. Tangu hapo shamba limekuwa hoteli bila kuacha kuwa shamba: kahawa ingali inalimwa, na bustani ya mboga ndiyo inayolisha jiko.

Nyumba za namna hii ziko pia Lushoto na Iringa, na ng'ambo ya mpaka ziko Kenya. Kule Nyeri, Hoteli ya Outspan ilianzishwa katika miaka ya 1920, na katika viwanja vyake Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alijengewa nyumba ndogo akaishi humo hadi alipofariki mwezi Januari mwaka 1941. Nyingi kati ya nyumba hizi hazikukusudiwa kuwa kumbi. Zilijengwa zimtoshe mkulima, familia yake na rafiki wawili watatu waliotoka mbali. Ndiyo maana hata leo kikao kinachofanyika ndani yake hakiwezi kuwa kikubwa. Watu 20 wakiketi sebuleni, sebule imejaa. Na huo udogo ndio unaotafutwa na wenye mikutano, kwa kuwa watu wachache mahali pa kimya husikilizana.

Tuseme ukweli: jambo hilo lina faida yake. Mtu akikutanikia mjini, kila nusu saa anaitwa nje; simu inalia, mteja anamsubiri, gari la mtu limezibwa njia. Akienda mbali, akalala huko, akaamka na kunywa chai pamoja na yule ambaye jana walibishana, huanza kumwona kuwa binadamu. Ndugu zetu wa Sudan walikaa miezi mingi hotelini Naivasha, kando ya ziwa, wakizungumzia amani, na mkataba wao ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, ukaimaliza vita iliyodumu zaidi ya miaka 20. Ule ukimya wa kando ya ziwa ulisaidia. Lakini tusisahau upande wa pili wa habari hiyo hiyo. Wakati wajumbe wa pande mbili wakiongea Naivasha, vita nyingine ilikuwa imekwisha kuwaka Darfur tangu mwaka 2003, na watu wa Darfur hawakuwa na kiti katika meza ile. Chumba kidogo chenye utulivu huwasaidia waliomo, na waliokosa nafasi humo huendelea kuumia nje.

Sisi wenyewe tulipata kualikwa katika kikao cha siku mbili kilichofanyika katika nyumba moja ya shamba ya zamani, ambayo jina lake hatutalitaja. Mada ilikuwa soko la vitunguu saumu, zao ambalo wakulima wengi wa Mbulu wanalitegemea kwa ada za shule na mabati ya nyumba. Walikuwapo wafanyabiashara, maofisa, watu wa mashirika, na wakulima wawili, wazee wote wawili, waliotoka vijijini mwao alfajiri wakiwa juu ya lori. Chai ya saa nne ililetwa na msichana wa parokia yetu, naye alipowasikia wale wazee akawasalimu kwa Kiiraqw. Mzee mmoja alimshika mkono akamwuliza ni binti wa nani. Baadaye alitwambia kwamba alipokuwa kijana alichuma kahawa katika shamba la mlowezi kwa misimu kadhaa, na katika misimu hiyo yote hakupata kuuvuka mlango wa mbele wa nyumba. Asubuhi ile, alipofika mlangoni, alikuwa amevua kofia bila kuambiwa na mtu.

Kikao kiliendelea. Karatasi kubwa zilibandikwa ukutani, wino wa rangi tatu ukatumika, mambo mengi mazuri yakaandikwa. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, yule mzee akaomba nafasi. Aliuliza jambo moja tu: kikao hiki kimegharimu magunia mangapi ya vitunguu saumu? Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyemjibu. Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mkulima aulizavyo bei ya mbegu. Alitaka kujua kama kilichopandwa pale kitarudi.

Taifa letu nalo lilikwisha kuulizwa swali la namna hiyo. Mwezi Novemba mwaka 2015, Bunge jipya lilipozinduliwa Dodoma, hayati Rais John Magufuli aliagiza kwamba sehemu kubwa ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya tafrija ya wabunge zinunulie vitanda vya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Baada ya hapo serikali ikazitaka taasisi zake zitumie kumbi za umma badala ya hoteli. Wengi walishangilia, na sababu walikuwa nayo. Hata hivyo upo upande ambao haukushangilia, nao tunaujua kwa sababu ni jamaa zetu: mpishi, mtunza bustani, mfua mashuka, dereva. Mikutano ikipungua, zamu zao hupungua. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowazuia watalii kuja, tuliwaona vijana wakirudi vijijini na mabegi yao kutoka hoteli za Karatu, wasijue wataitwa lini tena. Anayesema kwamba fedha ya hotelini ni fedha iliyotupwa, na akae na mama ambaye mwanawe alimlipia ada ya sekondari kwa mshahara wa jikoni.

Basi tusihukumu upesi. Tuangalie kwanza jinsi wazee wetu walivyokutana.

Kwa Wairaqw, kikao kilikaliwa nje, uwanjani au chini ya mti, mahali ambapo mpita njia angeweza kusimama akasikia. Mwisho wa mazungumzo mzee mwenye kipawa alisimama akatamka slufay, ile sala ndefu ya baraka, na waliokuwapo wakaitikia kwa pamoja. Hivyo hata aliyeshindwa katika hoja aliondoka ameitikia baraka ile ile na aliyemshinda. Kwa Wabarabaig wa Hanang, mkutano wa kivulini, girgwageda, ulikuwa ndiyo mahakama na ndiyo bunge. Na wanawake walikuwa na baraza lao wenyewe, lililoweza kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyemkosea mwanamke. Mti haukukodiwa. Kivuli hakikuwa na bei. Aliyekosa kufika alikosa kwa hiari yake au kwa ugonjwa. Hakukosa kwa sababu ya nauli.

Upande wa sherehe, wapo mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, katika desturi ya Wairaqw, maziwa na pombe ya mtama havikuwa vitu vya kuuzwa. Vilikuwa vitu vya kupewa mgeni na jirani, na kwa kuvipeana watu walifanyika kuwa jirani. Biashara ya vitu hivyo iliingia baadaye, na mwanzoni wengi waliionea haya. La pili, Wabarabaig walikuwa na bung'eda, maadhimisho ya mazishi ya mzee aliyeheshimiwa, yaliyoendelea kwa miezi mingi na kuhitaji asali nyingi ya kutengenezea pombe. Tunalitaja kwa makusudi, ili asije mtu akasema kwamba sherehe kubwa ni jambo la kisasa. Wazee wetu walijua kugharimia sherehe. Tofauti ni kwamba asali ililetwa na ukoo mzima, na waliokula ni wale wale walioleta.

Hapo tunafika kwenye neno lenyewe, mwenyeji. Methali yetu yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni ni heri kwa aliye nyumbani. Lakini ili mtu awe mwenyeji sharti awe na mahali. Katika nyanda za Basotu, chini ya Mlima Hanang, Wabarabaig walikuwa wenyeji wa malisho hadi miaka ya 1970 na 1980, wakati mashamba makubwa ya ngano ya shirika la serikali, NAFCO, yalipopanuliwa kwa msaada wa Kanada na kuchukua maelfu ya hekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua sehemu kubwa ya hukumu ile. Waliokuwa wakimkaribisha kila mpitaji kwa maziwa wakajikuta wanaomba ruhusa ya kupita. Kwa hiyo tunapoketi katika nyumba nzuri ya kale iliyozungukwa na shamba, iwe wapi iwapo, ni adabu kukumbuka kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyeji kabla ya nyumba. Kukumbuka huko hakututumi kuichoma nyumba wala kukataa chai yake. Kunatutuma kuuliza watoto wa wenyeji wale wameketi wapi leo, mezani au nyuma ya trei.

Sasa tuje kwenye harusi, kwa kuwa hapo ndipo tunapoumia zaidi.

Katika parokia zetu wako wanandoa wengi, na twawaita wanandoa kwa upendo ingawa hawajafunga, ambao wameishi pamoja miaka mitano, minane, kumi. Wana watoto, wana shamba, wanasali nasi kila Dominika, lakini hawajabariki ndoa yao. Ukiwauliza sababu, mara nyingi jibu si kizuizi cha sheria wala ugomvi. Jibu ni neno moja: tunajichanga. Wanachangia nini? Si sadaka ya kanisani, wala si cheti. Wanajichangia ukumbi, mapambo, mshereheshaji, muziki, keki, ndafu, na magari ya msafara. Wamekwisha kuona harusi ya jirani katika bustani ya hoteli, picha zikapigwa kwenye ngazi za mawe, na tangu hapo harusi isiyo na bustani imekuwa kama si harusi. Wanakaa nje ya meza ya Bwana kwa miaka wakisubiri meza ya mpishi.

Wapendwa, tuseme wazi kile ambacho Kanisa linadai. Linadai bwana na bibi walio huru, waliofundishwa, wasio na kizuizi. Linadai matangazo. Linadai padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Basi. Katika kanuni zote za Kanisa juu ya ndoa hakuna hata moja inayotaja keki. Na kwa kuwa tumeulizwa pia kama Misa ya ndoa yaweza kuadhimishwa katika bustani ya hoteli, jibu ni kwamba ndoa ya Wakatoliki huadhimishwa katika kanisa la parokia. Kanisa jingine laweza kuruhusiwa na paroko, lakini mahali pengine pasipo kanisa panahitaji ruhusa ya Askofu au msaidizi wake mwenye mamlaka hayo. Uzuri wa maua na mandhari ya picha si sababu ya kuiomba.

Walikuja kwetu kijana mmoja na mwenzake, wakiwa na watoto watatu na miaka minane ya kujichanga. Kila walipofikisha fedha kidogo, mtoto aliugua au mvua iliharibu maharage, nazo zikaenda. Tuliwaandikia katika karatasi yale mambo machache tuliyoyataja hapo juu. Mwanamke aliisoma mara mbili, akauliza, ni haya tu? Walifunga ndoa Jumamosi moja asubuhi. Majirani walileta makande, maziwa ya mgando na mbuzi mmoja. Watoto wao wenyewe walishika maua. Hatutaki kuwapamba hadithi. Mjomba mmoja anayeishi Arusha alikasirika kwamba hakuletewa kadi wala kuombwa mchango, akakaa zaidi ya mwaka bila kuwapigia simu. Alijiona amedharauliwa, kwa maana kwetu kuombwa mchango ni kutambuliwa kuwa ndugu. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Ilibidi wale wawili wasafiri wenyewe hadi kwake na mtoto mdogo mgongoni, ndipo yakaisha.

Tunafahamu pia familia iliyofanya kinyume. Kamati iliundwa, daftari la ahadi likafunguliwa, hoteli ikalipwa kianzio kwa kutegemea ahadi. Siku ilipofika, ahadi nyingi zilikuwa bado ni ahadi. Sherehe ilifanyika, ilipendeza, na kila mtu aliisifu. Kisha maharusi wakaanza maisha yao kwa kulipa deni la usiku mmoja, na fahali aliyekuwa wa kulimia akauzwa kabla ya mvua za kwanza. Ugomvi wao wa kwanza katika ndoa ulikuwa juu ya deni hilo. Tunajua, kwa sababu waliuleta kwetu.

Mtasema, basi padre anapinga hoteli. Hapana, sikilizeni na habari hii. Mzee mmoja na mkewe walitimiza miaka 50 ya ndoa. Baada ya Misa ya shukrani, watoto wao, wote wenye kazi, waliwachukua kwenda kula chakula cha mchana katika nyumba ya kale ya shamba. Jumla yao hawakuzidi 20, na gharama waliigawana siku hiyo hiyo. Tulikuwapo. Mama yule aliketi, akaletewa sahani, akaanza kuinuka. Binti yake akamshika bega, akamwambia aketi. Mara ya pili akataka kuinuka akusanye vyombo. Kwa miaka 50, katika kila sherehe ya ukoo ule, alikuwa jikoni. Alikula mwisho, akiwa amesimama, akitazama sufuria. Siku ile alikula chakula kikiwa cha moto. Alipomaliza alimwomba mhudumu amwoneshe jiko, akamshukuru mpishi mmoja mmoja kwa mkono. Tunaposifu sherehe za nyumbani, na tukumbuke zilipikwa na nani. Zile harusi tunazozikumbuka kuwa za bei nafuu zilikuwa nafuu kwa sehemu kwa sababu akina mama hawakulipwa, na tena hawakuketi.

Katika ile harusi ya Kana ya Galilaya, tunayoijua sote, divai ilikwisha. Aibu iliyokuwa ikiwanyemelea ilikuwa ndiyo ile ile ya daftari la ahadi. Na waliojua ilikotoka divai njema ni watumishi walioteka maji, kabla ya mkuu wa meza na kabla ya bwana arusi. Tunapenda kuwakumbusha hilo wote wanaoandaa kadi zao mwaka huu.

Iko siku ambayo watu wa Hanang walikuwa wenyeji bila ukumbi na bila kamati. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, ikiwa Dominika ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi wakaachwa bila nyumba. Madarasa yakageuka vyumba vya kulala. Walikuja askari, madaktari, viongozi, waandishi, wafadhili. Na Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya nje akaja. Lakini kabla ya wote hao kulikuwa na majirani waliofungua milango gizani na kuwavua wageni wao nguo za tope. Katika nyumba za vyumba viwili walilala watu 15. Hakuna aliyeuliza nani atalipa, wala nani amealikwa. Baadaye serikali na wadau walijenga nyumba mpya zaidi ya 100 katika eneo la Waret, na waliohamia huko wakaanza kujifunza upya kuwa na mlango wa kumkaribishia mtu. Mama mmoja aliyehamia alitwambia kwamba kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa kitanda. Kilikuwa vikombe sita.

Basi, wapendwa, kwa wale waliotuuliza, jibu letu ni hili. Kabla ya kuchagua mahali pa mkutano, ulizeni ni nani atakayeguswa na maamuzi ambaye hataweza kufika hapo; kama yupo, mpelekeeni nauli au uhamisheni mkutano. Wenye mashirika na ofisi, kumbukeni kwamba kumbi za parokia na shule zinaweza kupokea watu wengi zaidi, na fedha ya chai ikilipwa kwa kikundi cha akina mama wa kijiji hubaki kijijini. Na ninyi viongozi wa kumbi hizo, msitegemee huruma: safisheni vyoo, tengenezeni viti, wekeni maji ya kunawa, panda maua. Nyumba zile za kale zinapendwa pia kwa sababu mtu amejali kila kitu ndani yake, na kujali hakuhitaji mlowezi.

Kabla ya kuchagua mahali pa sherehe, ulizeni nani atapika, nani ataketi, na deni, kama lipo, litalipwa na nani hadi lini. Mkijibu maswali hayo bila kufichana, mnaweza kwenda hotelini kwa amani, au kubaki nyumbani kwa amani. Na ninyi mnaojichanga kwa miaka ili mpate kubariki ndoa, njoni ofisini Jumanne au Alhamisi asubuhi, mje wawili. Karatasi tuliyowaandikia wenzenu tunayo nakala yake, na haijai hata upande mmoja.

Tunawatakieni nyote Dominika njema na juma lenye baraka.